Barua ya wazi kwa mababa, wajomba na mashekhe mnaoozesha mabinti

Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa Tanga, nimekuwa somo, yaani kungwi, wa mabinti wengi hapa, na leo naandika nimekasirika, sifichi.

Juzi kwenye nikaha binti kaulizwa ridhaa mlangoni, chumba kimejaa mashangazi, hina keshapakwa, pilau lipo jikoni, mahari ilishapokelewa zamani. Kaulizwa, kimya. Kaulizwa tena, kimya. Mara ya tatu analia mpaka mabega yanatetemeka, shangazi mtu akadakia "karidhia huyo, anaona haya tu", shahidi akageuka akaenda kusema binti kakubali. Kakubali nini jamani? Angekataa saa ile usiku angelala wapi?

Najua mtanitolea hadithi kwamba idhini ya bikra ni kunyamaza kwake. Ipo na ni sahihi, siibishii. Ila isomeni toka juu, inaanza kwa kusema asiozeshwe mpaka aombwe idhini, sasa nyie mnamuomba wakati kila kitu kishaisha? Kimya kile ni cha binti aliyeridhika anaona haya, sio cha aliyezibwa mdomo na woga, na wapo mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, toka zamani waliosema kilio cha kukataa sio ridhaa. Na Khansaa bint Khidam je? Alikuwa keshaolewa kabla, baba yake akamuozesha tena hataki, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) na ndoa ikavunjwa. Hii mbona siisikii kwenye mawaidha ya harusi?

Serikali nayo isijifiche. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari, halafu hiyohiyo ikaruhusu binti wa miaka 15 aozeshwe baba akikubali. Mahakama Kuu 2016 ikasema hapana, vifungu hivyo vinavunja Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Wenzetu Kenya waliweka 18 toka 2014. Mtoto wa 15 kura hapigi, kimya chake mnakipokeaje kwenye jambo la maisha?

Na mengine: mke akinyamaza wakati unauza nyumba mnayoishi hajaridhia, sheria inataka idhini yake. Vijana wakinyamaza kwenye kikao cha ukoo hawajaafiki, wamechoka kukemewa.

Wanangu, nawapenda na najua wengi wenu mnawatakia mabinti heri. Basi muulizeni mapema, kabla hamjajibu barua ya posa, muulizeni akiwa peke yake au na mtu anayemwamini, nyanya yake, dada yake, na mmwambie wazi kuwa akikataa hatagombezwa, na kweli asigombezwe. Mpeni siku za kufikiri. Akinyamaza muulizeni tena kwa upole mpaka mjue kinachomnyamazisha. Na akisema hapana, mahari irudishwe, hata kama mshaitumia, kopeni mrudishe.