Risala ya Kikundi cha Huduma kwa Jamii cha Kilwa Kivinje kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, mashehe wetu, wazee, mama zetu na vijana wenzetu,

Assalaam alaykum, na amani kwenu nyote mliofika.

Karibu Kivinje. Wageni wengi wakishapita Nangurukuru hunyoosha hadi Kilwa Masoko, wakapanda boti kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, wakarudi Dar es Salaam bila kuingia kwetu. Wewe umeingia, nasi tunashukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni kidogo, hatufiki thelathini. Wamo wavuvi, mama lishe, vijana wa bodaboda na walimu wastaafu. Tulianza kwa kuzibua mitaro kabla ya masika, kuchangia damu Hospitali ya Kinyonga na kuezekea bibi zetu wasio na wa kuwasaidia. Urithi haukuwamo kwenye katiba yetu hata kidogo. Tuliukuta mtaroni. Tulikuwa tunasafisha chini ya ukuta wa nyumba moja ya kale, tukataka kuung'oa mkuyu ulioota juu yake. Mzee mmoja akatupigia kelele: kateni shina, mizizi iacheni, mkiivuta inakuja na ukuta! Tukamwomba akae atufundishe.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu na chumvi ya bahari vinaingia na kutoka. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu inabanduka pamoja na mawe. Kwa nia njema kabisa, wenzetu wengi wameziua nyumba za babu zao kwa saruji. Sisi tunaziba nyufa kwa chokaa, tena ya kununua, kwa sababu tanuri moja la kuchomea chokaa linakula kuni nyingi na mikoko yetu haihimili tena.

Kuta hizo zina habari nzito. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za pwani hii, misafara ikishuka kutoka Ziwa Nyasa na pembe za ndovu, na watumwa pia. Hilo hatulifichi, maana wengine kati yetu ni wajukuu wa walioletwa na misafara hiyo. Mwaka 1888 wenyeji waliikataa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuichukua pwani, na maofisa wake wawili wakauawa hapahapa. Mnara wa maofisa hao upo hadi leo. Mwaka 1894 watu wa Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga Wajerumani, waliishambulia Kilwa. Mwaka uliofuata alikamatwa, akanyongwa Kivinje. Hakuwa malaika, kwani naye alifanya biashara ya watumwa. Lakini shairi refu la Kiswahili lilitungwa juu ya vita vyake, na ukimuuliza mtoto wa darasa la saba hapa Kivinje, huenda asimjue. Ndiyo maana siku za usafi tunawachukua wanafunzi, mzee anatangulia akisimulia, sisi nyuma na mafagio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, matope na takataka tunayaweza. Kinachotushinda ni mirathi. Nyumba moja ina warithi Dar, Mtwara, Unguja, wengine Muscat, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema "tengenezeni" bila mwenzake kulalamika. Wakati wanasubiriana, paa linaanguka. Baadaye anakuja mnunuzi, mlango wa nakshi unang'olewa usiku, na asubuhi pamebaki tundu. Mawe nayo yanachukuliwa kujengea misingi ya vyoo.

Kwa hiyo hatukuombi fedha kwanza, ingawa ukitupatia matoroli na makoleo hatutayakataa. Tunaomba ofisi yako iwaite warithi wakae pamoja mara moja tu, watuandikie ridhaa ya kuziba na kuegemeza kuta zilizo hatarini. Tunaomba pia mlango wa kale usitoke Kivinje bila serikali ya kijiji kujua. Na utuombee kwa wataalamu wa Mambo ya Kale waje watuelekeze, tusije tukaharibu huku tunajidai tunatengeneza. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliondolewa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2014 baada ya kazi ya miaka mingi. Mafundi walioshika chokaa ile wapo wilayani humu. Wakija kutufundisha, chakula na malazi ni juu yetu.

Baada ya risala hii tutakuomba utembee nasi hadi ufukweni, kwenye boma la zamani. Viatu vyako vizuri, Mheshimiwa, lakini njia ina matope, kandambili tumekuandalia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi,
Kilwa Kivinje