Kosa liko kwenye kipande, si kwa mchapaji

Mhariri,

Picha za miti zilizogeuzwa nakshi za duara zimeenea jijini, kuanzia fremu za ukutani hadi mifuko na vitambaa, na malalamiko ya wanunuzi ni yale yale: mistari myeupe inayokatiza nakshi, kitovu kilichofifia, kijani kilichokufa. Lawama anabebeshwa mchapaji wa Kariakoo. Mara nyingi anaonewa, na tunaomba nafasi tuseme kosa linaanzia wapi.

Nakshi hizi hutengenezwa kwa kompyuta kwa kuiga kaleidoskopu aliyoibuni Mskoti David Brewster mwaka 1816, bomba lenye vioo vilivyokutanishwa kwa pembe. Vioo vikikutana kwa nyuzi 60 utaona vipande 6, kwa nyuzi 45 vipande 8, kwa nyuzi 30 vipande 12. Kompyuta nayo haiwezi kuikwepa hesabu hiyo. Ukichagua nyuzi 40 utapata vipande 9, na kwa kuwa kila kipande ni kivuli cha jirani yake kama kwenye kioo, cha tisa kinakutana na cha kwanza bila kupatana. Hapo nakshi inapasuka.

Programu zenye kitufe cha kaleidoskopu zipo, GIMP ya bure ikiwamo, ila kitufe hakina jicho. Kwa mkono, chukua picha ya simu ya pikseli (nukta zinazounda picha) 4000 kwa 3000, ukate pembetatu nyembamba yenye ncha ya nyuzi 30 na urefu wa pikseli 1600. Inakili, nakala uipindue kama kwenye kioo, kisha uziunganishe ubavu kwa ubavu upate kipande cha nyuzi 60. Kipande hicho kiweke kwenye ukurasa wa pikseli 3200 kila upande, ncha ikae katikati kabisa, halafu nakala zake tano zizungushwe kwa nyuzi 60, 120, 180, 240 na 300. Ukichapa kwa pikseli 200 kwa inchi, unapata picha ya sentimita 40 hivi.

Mistari myeupe inazaliwa hapo hapo. Programu hulainisha kingo za kila kipande, pikseli za ukingoni zikabaki nusu wazi, na nusu mbili zikikaribiana bado rangi ya chini inapenya. Acha kila kipande kilalie mwenzake kwa pikseli 2 au 3, mstari utapotea. Ukungu nao unatokana na kuzungusha nakala ya nakala: kila mzunguko unailazimisha programu ikisie pikseli upya. Zungusha kipande cha asili kila mara. Na faili likienda kwa mchapaji kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, linapunguzwa njiani. Litume kama hati.

Hayo ni ya fundi yeyote. Ubora wa kazi unaamuliwa na mahali unapokata. Tazama mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi, matawi yake yakiwa meusi mbele ya anga. Tawi likifika kwenye ukingo wa kipande kwa pembe mraba, linaungana na kivuli chake kwa ulaini, na ukizunguka duara zima unaona pete. Tawi lile lile likifika kwa mshazari linavunjika na kuwa mkuki, na mikuki sita inakuwa nyota. Sogeza mkato kidogo tu, pete inageuka nyota. Asiyejua hili atabonyeza kitufe mara hamsini akisubiri bahati, nasi tunaona huo ni uvivu, hata matokeo yakipendeza.

Kitovu kinataka uangalifu wake. Katika kipande cha nyuzi 30, umbali wa pikseli 100 kutoka kwenye ncha, upana ni kama pikseli 53 tu. Ukiweka majani madogo ya mwarobaini hapo, utapata tope. Weka kitu kizito: fundo la gome, au mahali tawi linapogawanyika. Majani madogo yapeleke nje, kwenye nafasi.

Nyaya za umeme ni balaa jingine la mjini. Waya mmoja uliopita nyuma ya mti wa mkungu unarudi mara 12, na jicho halitaona kingine. Anga iliyoungua kwa jua la mchana nayo inatoboa nakshi kwa matundu meupe. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, gusa anga kwenye skrini na ushushe mwanga kabla ya kubonyeza.

Kwa vitambaa, duara halifai, maana yakipangwa yanaacha pembe tupu kati yao. Tumia mraba uliopinduliwa mara mbili, kulia na chini, ukapata miraba minne. Huo unarudiwa kitambaa kizima bila mshono kuonekana. Kwenye kanga ungekaa vizuri katika mji, yaani sehemu ya kati, pindo likaachwa lifanye kazi yake.

Kuhusu kijani, skrini inatoa mwanga na mashine inamwaga wino, na kijani kikali cha majani machanga mara nyingi wino haukifikii. Hudhurungi ya majani mapya ya mwembe haisumbui hivyo. Kabla ya kulipia picha kubwa, mwombe mchapaji akutolee kipande kimoja kwenye karatasi ya A4, ukitazame nje, juani.

Wapiga picha na wasanifu,
Kinondoni, Dar es Salaam