Mwanangu wa miaka mitano anataka kwenda kulala shamba, baba yake hataki kusikia

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye treni ya saa kumi na moja alfajiri, naelekea kazini, na fomu ya kumruhusu mtoto iko kwenye mkoba wangu imekunjwa mara nne. Ina sehemu mbili za kutia saini, ya mama na ya baba. Yangu nimeshaitia. Ya baba iko wazi tangu wiki iliyopita.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Huu ni mwaka wangu wa nne Hamburg, Ujerumani. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu yuko ghala la makontena bandarini, kazi ya zamu: wiki moja asubuhi, wiki nyingine usiku. Tuna mtoto mmoja wa kiume, Suli, aliyetimiza miaka mitano Januari. Anasoma chekechea, ambayo huku wanaiita Kita, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha wazazi. Mwalimu akatueleza kwamba watoto wanaomaliza Kita mwaka huu watakwenda safari mwezi Juni. Nikadhani ni ya kwenda na kurudi, kama walivyokwenda siku ile kuangalia gari la zimamoto. Kumbe wanakwenda kulala siku tatu kwenye shamba moja upande wa bahari ya Baltiki, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Watoto kumi na wanne, walimu watatu. Mzazi haendi. Mzazi hapigi simu. Wao ndio watakaopiga likitokea jambo, wasipopiga ujue mtoto yuko salama. Nikawatazama wazazi wenzangu nikitegemea hata mmoja atashtuka. Mmoja aliuliza kama mabuti ya mvua yawe na jina. Mwingine akauliza habari za mafuta ya jua. Basi, kikao kikaisha.

Kwa Wajerumani hili ni jambo la kawaida. Wanaamini mtoto hukomaa kwa kuachiwa. Siku ya mvua wanatolewa nje na suruali za plastiki, wanagaagaa kwenye tope, jioni unakabidhiwa mtoto ambaye huoni rangi yake. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampaka Suli Viksi kila jioni nikisubiri nimonia. Haikuja. Sasa nimezoea, na kusema kweli anaumwa mafua mara chache kuliko mimi.

Baba yake hajazoea. Jumapili ambazo hayuko kazini, maduka yote yakiwa yamefungwa, tunakwenda gati la Landungsbrücken tunapanda kivuko namba 62. Ni usafiri wa kawaida wa mji, tiketi ile ile ya basi na treni, na mtoto wa chini ya miaka sita halipi. Baba Suli anakipenda kivuko hicho kupita kiasi, anasema ni Kigamboni bila machinga. Tunashuka Neumühlen, pale kuna ufukwe wa mchanga, tunatandika khanga, tunakula maandazi na chai ya chupa huku meli za makontena zinapita mbele yetu. Hizo ndizo saa nzuri kabisa za maisha yetu huku. Lakini tukitoka hapo tukapitia uwanja wa watoto, ugomvi. Suli anapanda zile kamba ndefu kama mnara, baba yake chini na mikono juu: "Shuka! Suli, shuka!" Wazazi wengine wamekaa kwenye benchi wanakunywa kahawa. Siku moja bibi mmoja wa Kijerumani akamwambia, kwa upole kabisa, mwache, anajua anachofanya. Baba Suli alinyamaza njia nzima hadi nyumbani.

Sasa mtu huyo ndiye ninayetakiwa kumwambia atie saini.

Nilimpa fomu jioni akiwa ameshiba, nikijua ninachofanya. Akasoma ukurasa wa kwanza bila neno. Ukurasa wa pili kuna vijisanduku vya kuweka alama: naruhusu mtoto apakwe mafuta ya jua, naruhusu apigwe picha, naruhusu atolewe kupe. Kule kuna kupe wa majanini na wanaleta maradhi, kwa hiyo walimu lazima wapate ruhusa ya kuwang'oa. Basi hapo ndipo alipotoa sauti. "Kupe? Mtoto wangu ng'ombe?" Nikacheka. Hakucheka.

Nikadhani ni hasira za kupita. Nikamwambia habari ya chakula, kwamba mwalimu mwenyewe aliniuliza kabla sijauliza, nguruwe hatapewa. Fedha nazo si kisingizio, maana sisi tunapata ruzuku ya kodi ya nyumba, na wanaopata ruzuku hiyo safari za namna hii hulipiwa na serikali. Akasikiliza yote. Kisha akaniambia: "Mama Suli, mimi nimekosa siku mia sita na ushee za mtoto huyu. Sitoi tatu nyingine."

Hapo, Shangazi, nilikosa la kusema, na ni lazima nikueleze kwa nini.

Baba Suli aliondoka Tanga nikiwa na mimba ya miezi mitano. Suli alizaliwa baba yake akiwa huku. Ili mimi na mtoto tumfuate ilibidi nifaulu mtihani wa Kijerumani, ngazi ya kwanza, maana mke hapewi viza bila cheti hicho. Nikawa naamka saa tisa usiku mtoto akiwa amelala, nakariri der, die, das kwenye kibaraza ili nisiamshe watu. Mtihani wa kwanza nilianguka. Wa pili nikapita. Kisha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vikakaguliwa, tukasubiri, tukasubiri. Tulipofika uwanja wa ndege, Suli alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Baba yake alipiga magoti akafungua mikono, mtoto akajificha nyuma ya dera langu akalia. Alimwita "anko" karibu wiki tatu. Kwenye simu alikuwa akimwita baba vizuri tu, nadhani aliona baba ni yule wa kwenye simu.

Tangu siku hiyo mtoto analala katikati yetu. Alianza kwa sababu chumba kilikuwa kimoja. Sasa vyumba ni viwili, kitanda chake kipo, kimetandikwa shuka la magari, kinalaliwa na midoli. Baba yake akirudi zamu ya usiku ananyata, anaweka mkono juu ya mgongo wa mtoto, ndipo anapata usingizi. Nimemwona mara nyingi. Ndiyo maana sikuweza kumjibu.

Lakini upande wa pili yuko Suli mwenyewe. Hapa nikiri kosa langu. Siku mwalimu aliponikabidhi fomu mlangoni, mtoto alikuwa amenishika mkono, akaniuliza kwa Kijerumani mbele ya wenzake, "Mama, nami naenda?" Nikasema ndiyo. Lilinitoka tu. Angalia wale watoto wote walivyokuwa wananitazama, ningesemaje? Sasa ameshamwambia dereva wa basi, ameshamwambia jirani wa ghorofa ya chini, na mkoba ameufunga: tochi, gambuti, na kijiko kimoja, sijui cha nini. Kila asubuhi anaufungua anahesabu. Baba yake anauona pale mlangoni anauruka.

Nikampigia mama yangu nikitafuta wa kuniunga mkono. Mama akang'aka. "Mtoto wa miaka mitano unampeleka kulala kwa watu?" Nikamwambia, mama, mimi ulinipeleka Pangani kwa bibi nikiwa na miaka hiyo hiyo, nikakaa hadi darasa la pili. Akanijibu palepale: "Pangani kulikuwa na mama yangu. Huko kuna nani?" Kisha akaomba azungumze na mkwewe, na tangu wazungumze Baba Suli ana nguvu za watu wawili.

Nina rafiki wa Mombasa anayeishi Bremen, mtoto wake alikwenda safari kama hii mwaka juzi. Anasema alirudi mzima, mchafu, amejifunza kukamua mbuzi. Ila akaongeza kwamba usiku ule ule aliporudi alichukua mto wake akaenda kulala chumbani kwake, na hakurudi tena kitandani kwa mama. Aliniambia kama habari njema. Mimi niliizima simu nikakaa jikoni kitambo.

Maana sijui ninachokitaka, Shangazi. Kuna upande wangu unaotaka mtoto aende kwa sababu yangu mwenyewe, na nitalisema kwa stara: sisi ni mke na mume, na miaka yote hii kitanda chetu kina watu watatu. Kuna upande unaoogopa kwamba akirudi ndio itakuwa mwanzo wa kuwa wa kwao zaidi kuliko wetu. Tayari nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani. Kiswahili chake amekibakiza cha usiku, ule wakati anaomba asuguliwe mgongo na aimbiwe. Nani atamwimbia kule?

Na hofu za kawaida nazo ninazo. Bado anakojoa kitandani pengine mara moja kwa mwezi, sijui kama nimwambie mwalimu au nitamwaibisha mtoto. Kuogelea hajui, na mimi mtoto wa pwani sijui pia, nao wanakwenda karibu na bahari. Mwalimu anasema maji watayagusa kwa miguu tu. Mtoto akilia usiku akakosa kunyamaza, mzazi anaitwa akamchukue. Sisi gari hatuna. Baba Suli aliendesha Tanzania miaka minane, lakini leseni ya nyumbani inatumika huku miezi sita tu, baada ya hapo unafanya mitihani yao, na hajafanya. Saa saba za usiku tutafikaje huko shambani?

Fomu inatakiwa Ijumaa. Naomba unisaidie, na wazazi wenzangu mlioko ughaibuni msinipite. Nimshike mume wangu kwa maneno gani ambayo hayatamfanya aone nampuuza kwa zile siku mia sita? Au ana haki, na anayepaswa kukaa chini na Suli kumwambia kwamba mama aliahidi asichoweza ni mimi? Nimewaza pia njia ya katikati: nimwombe mwalimu siku ya kwanza tu aende, Baba Suli akamchukue kesho yake kwa treni. Lakini mtoto anayetolewa wenzake wakibaki si ataumia zaidi ya aliyekataliwa tangu mwanzo?

Jana usiku Baba Suli alifika saa tano. Nilijifanya nimelala. Nikamsikia pale mlangoni anafungua zipu ya mkoba wa mtoto, akakaa kimya, kisha nikasikia tochi inawashwa na kuzimwa, mara mbili tatu. Asubuhi nikakuta ameibadilisha betri. Fomu bado haina saini, na sijamuuliza.

Mama Suli,
Hamburg