Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira: dizeli ya jenereta imeandikwa safu gani?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: HESABU YA GESIJOTO ITOKANAYO NA NISHATI NA MATUMIZI YA UMEME

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa miaka sita nimetunza daftari la jenereta katika chumba cha ubaridi cha samaki hapa Bagamoyo. Ni kaunta buku ya kawaida yenye jalada gumu, na safu zake nimezichora mwenyewe kwa rula: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizomiminwa na jina la aliyemimina. Ukurasa wa Novemba 2023, wakati wa mgao, umejaa madoa ya dizeli hadi pembeni, na chini yake nimejumlisha saa 131 na lita 1,180. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo kuwalinda samaki wasioze mwezi ule kulipeleka angani zaidi ya tani tatu za gesi hiyo. Ninachotaka kujua ni jambo dogo: katika hesabu ya taifa ya gesijoto, yaani gesi kama hewa ukaa zinazoongeza joto duniani, tani hizo tatu zimeandikwa wapi?

Nimejaribu kuifuata dizeli yenyewe ili nipate jibu. Tuliinunua sheli kwa madumu ya lita 20, tukapewa risiti ileile anayopewa dereva wa lori aliyetutangulia kwenye foleni. Risiti inataja aina ya mafuta, lita na shilingi. Haisemi kama mafuta yanakwenda kuunguzwa barabarani au nyuma ya chumba cha samaki. Miongozo ya mwaka 2006 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ambayo ndiyo msingi wa hesabu hizi duniani kote, inataka mafuta yagawanywe kwa sekta iliyoyatumia. Lakini pale ambapo takwimu za watumiaji hazipo, mafuta yaliyouzwa kwenye vituo huishia kuhesabiwa kuwa ya usafiri. Jumla ya nchi haiharibiki kwa sababu hiyo, kwani mafuta yetu yote huingia kwa meli na hupimwa bandarini, na lita ikiungua popote hutoa hewa ukaa ileile. Kinachoharibika ni mgawanyo, na mgawanyo ndio unaotuambia tatizo liko wapi. Upungufu wa umeme unavalishwa kanzu ya malori, na anayesoma jedwali anaona sekta ya umeme ikiwa safi kuliko ilivyokuwa mitaani, huku mashine zikinguruma kwenye kila saluni, bucha na hoteli.

Umeme wa gridi, kwa upande wake, una nafuu kubwa ya kuhesabika. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kutumika mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay hupita kwenye mita kabla ya kufika kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi, kwa hiyo kinachounguzwa pale kinajulikana. Uniti moja ya umeme kutoka mtambo mzuri wa gesi hubeba takriban nusu kilo ya hewa ukaa, ilhali uniti moja kutoka jenereta dogo la dizeli kama letu hubeba takriban kilo nzima. Naomba tofauti hiyo izingatiwe, kwa kuwa ina maana kwamba kila saa ya mgao haipunguzi gesijoto hata kidogo kwa mwenye jenereta. Inaihamisha tu kutoka mahali panapopimwa kwenda mahali pasipopimwa, na njiani inaongezeka maradufu.

Halafu likaja Bwawa la Julius Nyerere. Mitambo yake tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115, ilianza kuingizwa kwenye gridi mapema mwaka 2024, na katika daftari langu mabadiliko yanaonekana bila kuhitaji miwani: kurasa za mwaka 2025 ni nyeupe karibu zote, na dumu moja limegeuka la kubebea maji ya kusafishia sakafu. Hii ni faida ya kweli kwa tabianchi. Lakini kwa kuwa dizeli yetu haikuwahi kuandikwa upande wa umeme, kupungua kwake nako hakuwezi kuonekana upande wa umeme. Kutaonekana kana kwamba malori yamepunguza safari. Bwawa lililogharimu matrilioni ya shilingi za walipakodi linanyimwa sehemu ya sifa yake na karatasi. Na mwaka wa ukame utakapokuja, maji yakapungua na gesi ikashika zamu, tutahitaji kujua pia uniti yetu imekuwa chafu kwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo kiwango cha hewa ukaa kwa kila uniti ya gridi kinapaswa kukokotolewa upya kila mwaka na kutangazwa, kama bei ya petroli inavyotangazwa kila mwezi.

Mheshimiwa Waziri, sisemi haya kwa kupenda tarakimu tu. Katika Mchango wa Taifa, yaani ahadi ya nchi ya kukabili mabadiliko ya tabianchi, uliowasilishwa mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, nchi yetu iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, na kipimo chake si mwaka fulani uliopita, bali ni hali ambayo ingekuwepo kama hatua zisingechukuliwa. Ahadi ya namna hiyo inalinganisha kilichotokea na kisichotokea. Basi angalau upande mmoja wa mizani, ule wa kilichotokea, hauna budi kuwa na ushahidi unaoshikika. Najua kwamba kanuni za uwazi zilizokubaliwa Katowice mwaka 2018 zinazipa nchi zenye maendeleo duni, sisi tukiwemo, hiari ya kuchagua wakati wa kuwasilisha ripoti zao. Hiari hiyo ni ya haki, maana hatukuichafua dunia sisi, lakini isitufanye tuchelewe kujihesabu kwa manufaa yetu wenyewe.

Lipo jambo la pili, gumu kuliko dizeli, nalo ni mkaa. Dizeli hupita bandarini. Mkaa hupita usiku juu ya bodaboda. Vibali vinavyotolewa vinahesabu magunia, na kila aliyewahi kununua mkaa anajua kwamba gunia si kipimo. Lipo la kawaida, na lipo la lumbesa, lenye kilemba cha majani na kamba juu, ambalo mtu mmoja hawezi kulitwisha bila kusaidiwa. Mtaalamu akikaa ofisini na kuzidisha idadi ya magunia kwa uzito mmoja, jibu lake litakuwa safi na lenye makosa. Tena mkaa una hesabu ya kipekee: hewa ukaa yake haiandikwi kwenye jumla ya sekta ya nishati, bali huandikwa upande wa ardhi na misitu, kama miti iliyopotea, na nishati hubaki na methani na gesi nyingine chache, zikiwemo zile zinazotoka kwenye tanuri la udongo wakati kuni zinapochomwa polepole.

Naliweka wazi hili kwa sababu ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mama anayeacha mkaa na kununua mtungi wa kilo 15 ameokoa miti na mapafu yake, lakini mtungi huo ukiisha umetoa takriban kilo 45 za hewa ukaa zinazoandikwa zote upande wa nishati. Mkakati ukifanikiwa, safu ya nishati itapanda. Asiyesoma safu ya misitu iliyo kurasa nyingi mbele atasema tumeharibu. Ni bora serikali ieleze mapema, kwa Kiswahili, kuliko kuja kujitetea baadaye kwa Kiingereza.

Ninachokuomba hakihitaji mitambo mipya wala mshauri kutoka ng'ambo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapowatembelea wenye viwanda na biashara, iongeze maswali mawili: una jenereta, na mwaka huu limekunywa lita ngapi? Wakaguzi kwenye mageti ya mazao ya misitu wapime kwa mzani sampuli ya magunia ya mkaa kila msimu, mkoa kwa mkoa. Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambacho tayari kina wataalamu wa misitu, kipewe takwimu za nishati kwa ratiba inayojulikana badala ya kuziomba. Na mizania ya nishati ya kila mwaka, yaani jedwali la nishati iliyopatikana na iliyotumika, pamoja na kiwango cha hewa ukaa kwa uniti, iwekwe hadharani kwa Kiswahili, majedwali yakiwa kamili, ili mwalimu wa jiografia wa sekondari aweze kuyatumia darasani na mwenye kiwanda aweze kujibu mnunuzi wa Ulaya anayemuuliza bidhaa yake imebeba kaboni kiasi gani. Mnunuzi huyo sasa hivi anauliza kweli. Kwetu aliuliza kuhusu pweza, na nilishindwa kumjibu.

Madaftari yangu ya miaka sita yapo kabatini, moja limeliwa na mende kwenye kona lakini tarakimu zinasomeka. Akija mtu wa ofisi yako, nitampa ayanakili siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza daftari la jenereta,
Bagamoyo