Faili ya mtoto isifungwe kwa tarehe ya kukisiwa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wanaolelewa na watu wasiowazaa, hasa wale wanaofikisha miaka 18 wakiwa bado shuleni.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule hapa Umoja, Nairobi. Mwaka wa 2014 afisa wa watoto aliniletea mvulana aliyepatikana peke yake usiku katika stendi ya mabasi ya Machakos hapa jijini, kando ya soko la Muthurwa. Alikuja na mfuko wa nailoni, siku hizo haijapigwa marufuku, na ndani mlikuwa na kaptura moja na kiatu cha mguu wa kushoto. Jina lake alilijua. La baba hakulijua, wala la kijiji. Mama yake alimwambia amngoje karibu na muuza mahindi ya kuchoma, naye akangoja hadi mwenye mahindi akazima jiko akaenda zake.

Ili apate cheti cha kuzaliwa, ilibidi umri wake ukadiriwe. Daktari alimwambia afungue kinywa, akayatazama meno, akampiga picha ya eksirei ya mkono, akaandika miaka 7. Siku hiyo ilikuwa tarehe 15 Agosti. Basi kwenye karatasi kijana wangu akawa amezaliwa tarehe 15 Agosti 2007.

Simlaumu daktari. Mtoto hakuja na cheti, na meno hayasemi siku wala mwezi. Lakini kazi yangu ni kupima watoto kutwa kucha, na najua mtoto anavyokua. Alipoingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2023 karatasi ilisema anakaribia miaka 16, ilhali sauti yake ilikuwa nyororo kama ya mdogo wake wa kike. Mwaka jana, kati ya Januari na Agosti, nilimshushia upindo wa suruali mara tatu. Mara ya tatu kitambaa kikaisha, nikaunga kipande cha rangi iliyokaribiana. Wavulana ninaowashonea wanaorefuka kwa kasi hiyo huwa na miaka 14 au 15. Moyoni mwangu naamini kijana huyu hajafika 18 hata leo.

Tarehe 15 Agosti mwaka jana nilimpikia pilau, kama kila mwaka. Hatukuwa tumemaliza kula. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kwa mfadhili aliyekuwa akilipa karo: mnufaika ametimiza umri, malipo yamekoma. Niliusoma mara mbili nikaifunika simu mezani. Akaniuliza, "Mama, ni nini?" Nikasema ni wateja. Siku kumi baadaye muhula wa tatu ukafunguliwa, na wiki ya pili alirudishwa nyumbani. Alikuwa Kidato cha Tatu, amebakiza mwaka mmoja na ushei. Nilipompigia simu afisa aliyekuwa akitutembelea, alinijibu kwa upole kwamba faili imefungwa kwa kuwa kijana sasa ni mtu mzima.

Mtu mzima huyo alienda kuchukua kitambulisho. Nilimfungia karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki: amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu. Karani hakuifungua. Alitaka nakala za vitambulisho vya wazazi. Nilipomweleza, akauliza kwa sauti mbele ya foleni, "Kwa hivyo huyu ni wa nani?" Kijana aliichukua bahasha yake, akatoka nje. Nilimkuta amesimama jua kali, akiinyoosha kwa kiganja, mahali palipokunjika.

Mhariri, Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Ibara ya 14, inasema mtoto aliyepatikana nchini, anayeonekana hajafika miaka 8, na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, anahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kijana wangu alionekana wa miaka 7. Tumerudi pale mara nne na bado hana kitambulisho. Ninachoomba ni kwamba amri ya mahakama na barua ya afisa wa watoto zipokelewe mahali pa vitambulisho vya wazazi, na makarani wafundishwe hivyo, ili kijana asijibie mbele za watu swali ambalo hata sisi tuliomlea hatuna jibu lake.

Kuhusu karo na ufuatiliaji, naomba msaada uhesabiwe kwa masomo. Afike Kidato cha Nne, au amalize kozi ya ufundi, ndipo faili ifungwe. Sheria ya Watoto yenyewe inatambua kwamba miaka 18 haimtoshi kila mtoto, maana inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita umri huo pakiwa na sababu maalum. Mimi nilikuja kulisikia hilo kwa mteja ambaye ni wakili, nikimpimia binti yake sketi, tayari ni Oktoba. Kwa nini afisa asituite sisi walezi mwaka mmoja kabla, tukae na kijana mwenyewe, tuangalie yuko darasa gani, ana karatasi gani, na atalala wapi akiondoka?

Serikali ina mkakati wa mwaka wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao ya kulelea watoto na kuwarudisha kwenye familia. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Huyo mdogo wake wa kike niliyemtaja alikuja Machi 2020, makao yalipoagizwa kuwapeleka watoto nyumbani kwa sababu ya korona, naye hakuwa na nyumba. Kwa wiki tatu alikuwa akilala na viatu miguuni. Sasa hulala chali mikono ameitandaza, kitanda chote chake. Familia inamponya mtoto, nimeona. Lakini watoto hawa tunaowapokea leo watafika 18 wote, na wengi wao walianza shule wakiwa wamechelewa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikumwasili kijana huyu, awe mwanangu kisheria. Nilimuuliza alipokuwa Darasa la Sita. Alinyamaza siku mbili, kisha akasema, "Nikibadilisha jina, mama akinitafuta atanipataje?" Sikumuuliza tena.

Karo ya mwaka huu tumeilipa kwa pesa za chama changu cha kuweka akiba na cherehani moja niliyouza. Novemba ataketi KCSE, mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne. Suruali anayovaa sasa nimeishona upya na kuiachia upindo wa inchi tatu, kwa maana bado anarefuka.

Mama mlezi,
Umoja, Nairobi