Shukrani kwa mzee wa ufukwe wa Cromer, Uingereza

Shikamoo mzee wangu. Hukutaka kutaja jina, nami siku ile machozi hayakuniacha niseme lolote la maana. Mwanangu alipochukuliwa na mkondo, ulipaza sauti ukimwambia asipigane na maji, alale chali aelee, kisha ukamfuata na boya ukamrudisha mzima. Mungu akuzidishie umri.

Ahsante pia kwa jioni ile uliyotuonyesha medali ulizozichunguza maisha yako yote. Mwanangu aliishika ile ya shaba ya Royal Humane Society, chama cha kuwatuza waokoaji kilichoanzishwa London mwaka 1774, akakazia macho picha ya mtoto anayepuliza mwenge uliozimika. Ukamwonyesha jina la mwokoaji lililochongwa. Ndipo mtu anapoanzia kutafuta mwokoaji huyo alikuwa nani. Ukatusimulia pia habari za Henry Blogg, nahodha wa boti ya uokoaji ya hapohapo Cromer: medali 3 za dhahabu, watu 873 waliookolewa! Ulimsifu, lakini ulisisitiza kwamba hakwenda baharini peke yake. Nilipenda sana hilo.

Mtoto sasa anajifunza uokoaji. Ukisoma haya, karibu nyumbani, pilau inakungoja.