Kwa mdogo wangu unayeigiza mlevi

Mdogo wangu,

Nimeitazama video yako mpya mara tatu. Unarudi usiku unapepesuka, ufunguo unakwepa tundu la kitasa, unaanza kuutukana mlango. Watu wamecheka mpaka machozi. Mara ya kwanza nilicheka nami. Mara ya pili nikakitambua kile kikohozi unachokitoa kabla ya kushika kitasa. Ni cha baba.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa video yenyewe iko hadharani, na wako wengi wanaoigiza kama wewe.

Charlie Chaplin naye alianza kupata jina jukwaani kwa kuigiza mlevi. Mwaka 1916 akatoa filamu fupi ambayo karibu yote yumo peke yake: amerudi nyumbani amelewa chakari, anapambana na ngazi, anapambana na kitanda. Mle ndani hamna mke wala mtoto. Baba yake mzazi alikufa mwaka 1901 kwa ugonjwa wa ini ulioletwa na pombe, Charlie akiwa na miaka 12, kwa hiyo alijua vizuri nyumbani kwa mlevi kunavyokuwa. Mimi naamini aliiacha ile nyumba tupu makusudi, maana angemweka mtoto mmoja tu pale juu ya ngazi, nani angecheka?

Hasira nazo ni hivyo hivyo. Kulikuwa na vichekesho vya televisheni Marekani, miaka ya 1950, ambamo mume alimkunjia mkewe ngumi akitishia kumrusha hadi mwezini, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walicheka kwa sababu walijua ngumi ile haitashuka. Sisi nani alituhakikishia?

Lakini kilichonichoma hasa ni maneno yako ya mwisho: "Si mimi, ni pombe." Unayakumbuka yalikotoka. Yalikuwa yanasemwa asubuhi, mama akiwa anaokota vipande vya sahani. Na si kweli, mdogo wangu. Kuyumba na ulimi mzito, sawa, hiyo ni pombe. Inaivuruga sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Ngumi ina habari yake. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, MacAndrew na Edgerton, walilinganisha jamii nyingi wakakuta kwamba ziko ambazo watu hunywa mpaka wakaanguka na hawagombani na mtu. Wakaona kuwa mtu hujifunza kwa wenzake mlevi anaruhusiwa kufanya nini. Leo anajifunza pia kwako, maana wanaokutazama ni wengi kuliko waliowahi kumwona baba akilewa.

Sikuambii uache. Una kipaji, na mwendo ule hakuna anayeuweza kama wewe. Nakuomba video moja tu ambayo kamera imekaa ndani. Mlango umefungwa. Chakula kimefunikwa mezani. Mama anapunguza sauti ya redio ili asikie viatu vinakuja vipi, maana kwa viatu tu alijua usiku utakuwaje. Na chini ya blanketi watoto wawili, mdogo anahesabu hatua kwa kumbana dada yake kidole, hatua moja, mbano mmoja.

Hukuwahi kufika ishirini kabla ya kile kikohozi.

Ukiwa tayari kuirekodi nipigie, nitakuja kukaa upande wangu wa kitanda.

Dada yako